Kupima Barabara ya Sandoa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya utalii ya Kolwezi, shefu wa ofisi alinikabidhi baiskeli badala ya kiti. Wageni walikuwa wakituuliza kama nchi yetu ya jua na mvua inafaa kutembelewa kwa baiskeli, nasi tulipaswa kuwajibu. "Njia banaiyuaka na magoti," akaniambia, "hapana na macho." Basi nikawa mpimaji, wa kuzijua njia kwa kuziendesha, si kwa kuzitazama. Niliendesha na mzigo mzito kama wa mgeni hadi Fungurume, Dilolo na Sandoa, nikichunguza maji, madaraja na mchanga. Penye mchanga mwingi unapunguza upepo wa tairi kidogo, gurudumu lisizame.

Fundi wetu alikuwa tata Kabeya, Mkasai aliyezaliwa Kolwezi, mtani wangu wa kila siku; tuliitana tata, yaani baba, kwa heshima. Tairi likichanika hakulitupa. Alilishona kwa uzi wa shaba, mishono ya msalaba, akaweka ngozi ndani ili ncha zisitoboe mpira. Nilimtania kwamba anasuka vikapu.

Kisha migodi ikadhoofika, mishahara ikakatika, na Wakasai wakalaumiwa kwamba wametwaa kazi za wenyeji, wakaambiwa warudi kwao Kasai. Stesheni ikajaa familia zinazongoja treni isiyofika, na homa ikaanza kuchukua watoto. Kabeya akanijia na baiskeli mbili zilizopakiwa masufuria. Mkewe mjamzito na watoto walisimama nyuma yake.

"Tata, ile njia ya Sandoa, batoto bataipita? Uniambie ya kweli, hapana ile tunaambiaka batalii."

Mvua zilikuwa zimeanza, na mimi barabara ile ya kuelekea Kasai niliipima kiangazi tu. Niliogopa sana. Nikikosea nitawaua, na wakibaki stesheni watakufa vilevile. Nikamweleza nilichokijua, kijiji kwa kijiji, pamoja na daraja moja nisiloliamini.

"Inapitika," nikamwambia. "Lakini mama asipande. Musukume polepole."

Wakaondoka, na habari zao zikakatika. Kwa miaka mingi, kila mvua iliponyesha neno lile lilinirudia na usingizi ukaniruka. Mashefu walikuja na kwenda, lakini barabara ya Sandoa sikumshauri mgeni yeyote tena.

Nilipokaribia kustaafu, mtalii mmoja aliingia ofisini akitokea Kasai kwa barabara ileile. Kwa mazoea ya kazi niliinama kutazama magurudumu yake. Tairi la nyuma lilikuwa limeshonwa kwa shaba, mishono ya msalaba.

Nikamwuliza alishonewa na nani. Akasema ni fundi mmoja wa kike huko Kasai, aliyefundishwa na baba yake, na anayejisifu kwamba alizaliwa njiani.

Nililia mbele ya mgeni, sikuona haya. Sasa nimestaafu, na vijana wakiniuliza kama nchi yetu inafaa kutembelewa kwa baiskeli, nawajibu kwamba inapitika. Na usiku mvua ikinyesha, nalala.