Daftari la Neno Moja

Asubuhi hiyo nilitoka kununua sabuni. Nilikuwa nimekaa wiki tatu Bereko, kwa rafiki niliyefahamiana naye kwenye kibarua cha kuvuna alizeti, na nguo zangu nilikuwa nimeziloweka kwenye beseni nyuma ya nyumba yake. Dukani nikakuta lori la magunia, injini inaunguruma, dereva anakunywa chai kwa kusimama. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema Babati. Nikamwuliza kama kuna nafasi juu ya mzigo, akasema ipo kama sina haraka ya kufika wala woga wa kuanguka. Nikarudi mbio, nikakamua nguo, nikazisokomeza mbichi kwenye mkoba, nikamuaga rafiki yangu ambaye alikuwa bado anapiga mswaki. Hakushangaa. Watu walionifahamu miaka ile hawakushangaa nikiondoka, walishangaa nikikaa.

Mkobani, zaidi ya nguo, nilikuwa na vitu viwili nilivyovifunga kwenye mfuko wa plastiki visilowe: daftari la mistari na kamusi. Kamusi ilihitaji maelezo kila nilipoionyesha. Ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiingereza, na niliinunua Singida kwa mwuza karanga aliyekuwa akiichana kurasa ili afungie karanga zake. Nilipomkuta alikuwa ameshauza kuanzia A mpaka O. Kwa hiyo Kiingereza changu kilianzia herufi P.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, na ada haikuwa tatizo. Nilitoka siku moja kumfuata mtu aliyekuwa anachimba kisima, nikitaka kuona maji yatatokea upande gani, na kisima kile kilichukua wiki mbili. Baada ya hapo niliona aibu kurudi, kisha nikazoea kutorudi.

Katika kurasa zilizobaki za ile kamusi nilikuta neno moja la herufi tatu tu, set, ambalo maelezo yake yalijaza kurasa mbili na kuingia ya tatu. Maneno marefu ya kutisha yalipewa mistari miwili, na hili dogo lilikuwa na maana zilizopangwa kwa namba kama nyumba za mtaani. Nilizisoma polepole na nyingi sikuzielewa. Jua likizama, wenye lugha yao wanasema hilo hilo. Mtego ukitegwa, hilo hilo. Mfupa uliovunjika ukirudishwa mahali pake, meza ikiandaliwa, mtihani ukitungwa, saruji ikikauka, hilo hilo. Nikajiuliza wanaelewanaje. Kisha nikakumbuka kwamba hata sisi tumeshalichukua, tunasema seti na kuseti kila siku, wala hakuna anayemwuliza mwenzake ana maana gani. Nikaamua kwamba kama kurasa zao zinanishinda, nitaandika zangu. Tangu hapo, kila nilipopita nilimwuliza mtu wa kazi yoyote analitumiaje neno hilo, nami naandika jibu kama alivyolisema. Sikuwa na sababu nyingine. Nilitaka tu kujua linafika wapi.

Tulifika Babati saa nne na nusu. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, mpya kiasi kwamba kwenye mlango wa ofisi moja jina la Arusha lilikuwa limepakwa rangi na bado linasomeka chini ya rangi. Nilipenda mji ule mara moja kwa sababu kila mtu alikuwa anajenga kitu au anabeba kitu. Lakini kila mtu pia alikuwa amehamia. Gesti ya kwanza ilijaa, ya pili ilijaa, ya tatu mhudumu hakuinua hata kichwa. Makarani na madereva waliohamishiwa huku walikuwa wamechukua vyumba kwa mwezi. Nikaendelea kutembea, nguo zikianza kunuka mkobani, mpaka nikajikuta Maisaka.

Kwenye kona kulikuwa na fundi baiskeli, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa breki. Nilimwamkia, nikamwuliza kama anajua chumba cha kupanga. Akasema nyumba ya tano, ile yenye duka dogo mbele, mama mwenye nyumba ana chumba cha uani ambacho mpangaji wake aliondoka mwezi uliopita. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye balozi wa nyumba zile, na kwamba mimi na mama tukishakubaliana nije naye, ili yeye balozi aniandike kwenye kitabu chake cha wageni. Asiyeandikwa halali mtaani kwake. Jua likizama bila jina langu kitabuni, alisema, nitafute benchi stendi.

Nikamshukuru, na kwa kuwa sikuweza kujizuia nikamwuliza kuhusu neno langu. Hakuona ajabu. Akasema anaseti breki, na breki ikisetiwa vibaya mtu anajua akiwa mteremkoni, yaani amechelewa kujua. Nikaandika.

Kabla sijafika nyumba ya tano nikakuta kiwanja kinachoanza kujengwa. Fundi mwashi alikuwa peke yake, ameshika kamba kwa meno, anahangaika na vigingi. Kibarua wake hakutokea. Aliponiona nimesimama namwangalia akasema, "Dogo, wewe unayetazama bure, njoo ushike hapa." Nikashika. Akaniambia anaseti nyumba, na aliposema hivyo niliona nimetumwa pale na Mungu. Alipima futi tatu kwenye kamba hii na futi nne kwenye ile, kisha akanipa ncha ya futi yake ya kupimia nivute kutoka alama hadi alama. Ikisoma tano kamili, alisema, kona imekaa. Isiposoma tano, sogeza kigingi, usibishane nayo. Hatukubishana nayo. Tulisogeza vigingi kwa saa nzima, mimi nikiwa upande wa barabarani na futi mkononi, na kila kona ilipokaa nilitoa daftari na kuandika alichosema. Akanigawia nusu ya chapati yake, nikaenda.

Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye kibaraza cha duka lake, amezungukwa na madoti ya khanga na miche ya sabuni. Ni sabuni ile ile niliyotoka kununua asubuhi nisiinunue. Alikuwa mama wa makamo, mtandio mweusi, macho yasiyo na haraka. Baadaye nilijua kwamba babu yake alifika huku na biashara kutoka Pangani, akaoa hapa hapa, na kwamba nyumba ile ni ya baba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliangalia mkoba, akaangalia daftari lililokuwa kwapani. Nikaeleza shida yangu.

"Chumba kimepata mtu," akasema.

Kupitia mlango wa uani nilikiona chumba chenyewe. Mlango wake ulikuwa wazi, godoro limekunjwa juu ya kitanda cha chuma, hakuna hata ndoo. Nilisema asante na kurudi kwa balozi.

Alinisikiliza huku anazungusha ringi kuona kama imepinda. Akauliza kama ni kweli nilishika futi pale kwa mwashi. Nikasema nilishika. Na nikaandika? Nikasema niliandika.

"Basi umejifukuza mwenyewe," akasema.

Akanieleza. Tangu mkoa uje, watu wenye daftari walikuwa wakipita mitaani. Wengine wapimaji wa kweli, wengine haijulikani. Majuma machache nyuma vijana wawili walikuja na futi, wakapima kutoka barabarani mpaka ukuta wa mama yule, wakaandika, wakachora msalaba wa chokaa ukutani na kuondoka bila hata kusalimia. Hakuna aliyejua msalaba ule una maana gani. Wengine walisema barabara itapanuliwa, wengine walisema hapo itajengwa ofisi. Tangu siku hiyo mama hakulala vizuri, na mtaa mzima ulikuwa na tabia moja: mtu akiandika anaangaliwa, na anayeangaliwa haambiwi kitu. Leo mama amenitazama kutoka kibarazani kwake saa nzima, mgeni asiyejulikana, navuta futi barabarani na kuandika, kisha naja kuomba kulala ndani ya nyumba yenye msalaba.

Niliona ninavyoonekana, na sikumlaumu. Nilimwambia balozi kwamba naweza kuondoka. Akasema naweza, ila yeye sasa ana kazi, kwa sababu mama yule atakaa usiku kucha akifikiri nimetumwa. Aliniomba daftari. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akafungua wa pili, akasoma, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Hivi una akili timamu?" akaniuliza, bila ubaya.

Tulikwenda pamoja, yeye na kitabu chake cha wageni, mimi na mkoba. Akamwambia mama kwamba kijana huyu hana mtu wa kumsemea Babati, kwa hiyo ataachiwa daftari limsemee. Akanipa nisome kwa sauti. Watu wawili watatu waliokuja kununua chumvi wakabaki.

Nikasoma. Dodoma, saluni: unamseti mteja nywele kwa kumkausha kwenye dryer. Singida, fundi redio: kuseti ni kutafuta stesheni na kuiacha hapo hapo mwenye redio asiguse. Singida, bwana harusi: ameahidiwa seti ya makochi na shemeji yake, hajaiona. Kondoa, mwalimu wa michezo: tulishinda seti mbili wakashinda tatu, na refa alikuwa wao. Kondoa, mpishi wa mgahawani: seti ya sufuria ni saba lakini ya tatu huibwa. Watu wakaanza kucheka. Mnunuzi mmoja akasema niandike kwamba mke wake ana seti ya vikombe ambavyo yeye hajawahi kuruhusiwa kunywea. Niliwasomea breki za balozi, na balozi akasema hayo ameyasema yeye, kama vile kuna aliyebisha.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho. Nilifikiri kuuruka. Lakini mama alikuwa anaangalia mkono wangu.

"Maisaka, fundi mwashi," nikasoma. "Kuseti nyumba ni kupiga vigingi na kuvuta kamba kabla ya kuchimba msingi. Tatu, nne, tano."

Kicheko kikakatika. Mama akauliza tatu ya nini, na nne ya nini. Nikamwambia ni futi, za kupata kona. Akauliza kona ya nyumba ya nani. Nikamwelekeza kiwanja, na balozi akataja mwenye kiwanja. Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Alilisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, kutoka mwisho kwenda mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Alitafuta jina lake, au jina la mtaa, au namba yoyote ya nyumba. Alichukua muda mrefu. Mwenye chumvi akajaribu kumtania, yeye akafunua ukurasa mwingine.

Alipomaliza akalifunga.

"Mtu wa serikali hawezi kuandika upuuzi wa namna hii," akasema. "Chumba kipo. Lakini hili linakaa kwangu."

Nikauliza kama nitaweza kulipata nikitaka kuandika. Akasema nitaandika hapo kibarazani, yeye akiwa anaona, kisha litarudi ndani. Balozi akaniangalia kuona kama nitakataa. Sikuwahi kumpa mtu daftari lile. Nilifikiria msalaba wa chokaa, ambao ulikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama, na nikaona kwamba yeye ndiye anayetoa kikubwa zaidi. Nikakubali. Balozi akafungua kitabu chake, akaniuliza nimetoka wapi na ninafanya kazi gani. Nilisema Bereko. Kwenye kazi nilisita, akaandika kitu mwenyewe bila kuniuliza tena, nami sikukisoma.

Nilinunua mche wa sabuni, nikafua upya, nikaanika uani jua likiwa limebaki kidogo juu ya mlima. Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao na msumari wa kutundika mkoba. Nilikunjua godoro, nikakaa, nikaangalia kuta. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa na kitu cha kuandikia.

Alipomaliza swala ya magharibi nilimsikia mama akivuta kiti uani, upande wa pili wa mlango wangu, na sauti ya kurasa zikifunuliwa.

"Wewe mgeni," akaita.

"Naam, mama."

"Huyo wa saluni Dodoma amekudanganya. Kukausha tu si kuseti. Lazima umfunge rola kwanza."

Nikasema sikujua. Akasema ndiyo maana ananiambia, na kwamba kesho, baada ya chai, nije kibarazani nirekebishe.

Nilikuwa nimefikiria kuondoka kesho.