Kibuyu cha Mjomba Mihambo

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kwihara kulikuwa na kibuyu kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa Bibi. Kilining'inia kwenye nguzo ya kati, na ndani yake mlikuwa na maji ya Mjomba Mihambo. Mjomba mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kitindamimba wa Bibi, na Mwingereza alikuwa amemchukua jeshini. Asubuhi ya kupanda treni pale stesheni ya Tabora, Bibi alimpa maji katika kibuyu hicho, Mjomba akanywa funda moja, na yaliyobaki Bibi akarudi nayo nyumbani kwa miguu bila kumwaga tone.

Mila hiyo ni ya zamani za misafara. Marehemu babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi Pwani, na kila alipokuwa njiani Bibi alishika miiko yake nyumbani: mlango usifungwe mchana, moto usizimike, na maji aliyoyaacha msafiri yasikauke wala yasimwagike. Kila siku, jua likiwa utosini, aliteremsha kibuyu, akanywa funda moja kwa niaba ya aliye njiani, kisha akaongeza maji mapya ya kisima chetu. "Akishikwa na kiu huko aliko, mimi ndiye ninayemnywesha," alisema. Padri alimwambia kwamba huo ni ushirikina. Bibi akaitikia, "Ndiyo, Baba," akarudi nyumbani akanywa funda lake. Babu alikuwa amekwenda Pwani na kurudi mara nne, sasa nani angembishia?

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama yangu alifariki siku aliyonizaa, na baba alifanya kazi reli na kukaa Chemchem, mjini, kwa hiyo mzazi wangu hasa alikuwa Bibi. Aliniita mke mwenzake, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, na mimi nilideka kama mke mdogo anavyodeka.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi, wakati wa mvua. Kila Jumamosi wasichana tulikwenda kusiriba sakafu ya kanisa, na mimi nilisingizia tumbo ili nisiende. Sikuwa na tumbo lolote. Nilikuwa nimekiona chungu cha asali ambacho Bibi alikificha juu ya dari, karibu na ile nguzo. Mtungi wa ndani ulikuwa umekauka, na Bibi alipoubeba na kushika njia ya kisimani, nikakipindua kinu nikasimama juu yake. Kusimama juu ya kinu nako ni mwiko, lakini mtoto mwenye uchu hahesabu miiko.

Kiwiko changu ndicho kilichokigonga kibuyu. Kilianguka juu ya jiwe la kusagia kikapasuka vipande viwili, na maji ya Mjomba yakatiririka hadi mekoni. Majivu yakayanywa yote. Nakumbuka nilipiga magoti nikijaribu kuyakusanya kwa viganja, nikapata matope meusi tu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na wala sikuogopa fimbo. Niliogopa kwamba Mjomba, popote alipokuwa, amesikia kiu.

Vipande nikavifukia jaani. Kulikuwa na kibuyu kingine cha ukubwa uleule, kilichovunwa kwenye mmea mmoja na kile. Kilichobaki kilikuwa maji. Ningekwenda kisima chetu ningekutana na Bibi njiani, kwa hiyo nikakimbilia kule ambako hakuna mtoto aliyekwenda peke yake, kisima cha zamani kando ya njia ya misafara.

Kisima hicho walikitumia wapagazi enzi za babu. Maji yake yalikuwa na magadi kidogo, na sisi tuliwanywesha mbuzi tu. Wazee walisema kwamba waliochoka kabisa, wale ambao msafara haukuweza kuwasubiri, waliachwa pale, na kwamba saa ya jua la utosi bado wanasubiri kuitwa. Nilifika saa hiyohiyo. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na hapakuwa na ndege aliyelia. Niliteremsha kamba, nikateka, na nilipokuwa navuta nikasikia miguu nyuma yangu.

Haikuwa miguu ya mtu mmoja. Ilikuwa miguu mitupu, mingi, ikienda kwa mstari, polepole, kama ya watu waliobeba vitu vizito. Mtu mmoja akakohoa. Nikageuka. Njia ilikuwa tupu hadi kwenye kichaka cha miombo, na katika matope yale hapakuwa na unyayo wowote isipokuwa wangu. Mpaka leo, mwanamke mzima niliyesoma na kuzaa, siwezi kukuambia nilisikia nini. Nilijaza kibuyu nikakimbia.

Bibi aliporudi, kibuyu kilikuwa kinaning'inia mahali pake na mimi nimejilaza, nashika tumbo. Aliweka mtungi chini, akateremsha kibuyu, akanywa. Hakumeza. Alikaa na maji mdomoni kwa muda, kisha akayatema kiganjani akayatazama.

"Yana chumvi," alisema.

Nikazidi kushika tumbo.

"Mihambo yuko baharini."

"Bibi, barua ilisema yuko kambini."

Kweli, barua ya mwisho ilisema yuko kambini, anafundishwa kupiga mizinga. Hakuna aliyewahi kututajia meli. Bibi hakunisikia. Alikaa chini taratibu, miguu imenyooka, vile wanawake wetu wanavyokaa msibani.

"Mwanangu anakunywa bahari," alisema, akaanza kulia.

Kabla ya saa kumi alikuwa amenyoa nywele na kujipaka majivu. Watu wakaja mbio wakidhani kuna maiti. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Nkwabi, ambaye mwanawe Nkwabi aliondoka kwa treni ileile na Mjomba. Alipoambiwa sababu, akasimama mlangoni akakataa kuingia.

"Mama, unamlilia mtu aliye hai? Unawachuria watoto wetu."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, kwamba maji ni ya kile kisima cha zamani, na Bibi angejifuta machozi, labda angenichapa, na Jumamosi ile ingesahaulika. Neno lilinifikia kwenye meno likarudi. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake Bibi alikwenda kumwaga majivu jaani, akarudi amenyamaza, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa uji. Tangu siku ile hakutaja tena maji wala chumvi.

Mvua zikaisha, mtama ukavunwa. Ndipo karani akaja kutoka boma na karatasi mkononi, akawakusanya watu mbele ya nyumba ya mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Alisoma kwamba meli iliyowachukua askari wetu kwenda kupigana na Mjapani ilipigwa na adui ikazama, na kwamba vijana wengi wa nchi hii wamekufa maji. Kutoka kwetu walikuwa wawili, Mihambo na Nkwabi. Akaitaja siku. Mwalimu wa dini akafungua kalenda ya kanisa, akahesabu kurudi nyuma kwa kidole.

"Ilikuwa Jumamosi," alisema.

Nakumbuka jinsi watu walivyogeuka. Hawakumtazama karani wala mama yake Nkwabi aliyekuwa ameanguka chini. Walimtazama Bibi, ambaye nywele alizozinyoa kwa msiba zilikuwa zimekwisha anza kuota.

Mzee anayejua kifo kabla ya serikali kujua, kwetu ana jina lake, na jina hilo hutajwa kwa kunong'ona. Macho ya Bibi yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi, na sasa wekundu ule ukapata maana nyingine. Watu wakaacha kuja kuomba moto kwetu. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Asubuhi moja tulikuta mlangoni manyoya ya kuku mweusi na majivu. Bibi akayafagia. Hata mimi nilijua yanayowapata vikongwe wenye macho mekundu, maana watoto husikia yote.

Mwanangwa alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda, akazunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Mama, mioyo ya watu imechafuka. Mimi sisemi kitu. Lakini vijana wanakunywa pombe, na pombe ina maneno yake. Una ndugu zako Lusu, upande wa Nzega. Nenda ukapumzike huko."

"Wanasema niliwala?" Bibi aliuliza.

"Wanasema ulijuaje."

Nilikuwa nimesimama kando ya mtungi. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Bibi akageuka haraka kuliko nilivyomdhania mzee wa umri ule.

"We mke mwenzangu, kachukue kuni nje."

"Bibi, mimi ndiye—"

"Kuni, nimesema."

Nikatoka. Niliporudi walikuwa wamekwisha maliza, na Bibi alikuwa anafunga nguo zake. Baba akaja kunichukua nikaishi naye Chemchem. Bibi akaenda Lusu, na nyumba ya Kwihara ikabomoka kwa mvua mbili. Nililia nikapona, watoto ni wepesi kupona. Nikasoma shule ya masista, nikaolewa. Lakini sikuwahi tena kuonja asali, nikisema inanidhuru tumbo.

Miaka ilipita mingi, bendera ya Mwingereza ingali juu ya boma, nilipokutana na Mama Nkwabi sokoni Tabora. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha akanishika mkono asiuachie. Alikuwa amesinyaa, amekauka. Akaniuliza kama Bibi yu hai, nikasema yu hai. Akanivuta pembeni, nyuma ya magunia ya karanga.

"Siku ile nilifunga mlango," alisema. "Mchana. Nzi walikuwa wamenichosha, nikafunga nilale kidogo. Nilikuwa bado nimelala niliposikia bibi yako analia. Nikajua ni mimi. Ndiyo maana nilisema ni yeye."

Wiki ileile nilipanda lori la pamba lililokuwa linarudi Nzega, mtoto mgongoni, nikaenda Lusu.

Bibi alikuwa karibu kipofu. Alinitambua kwa mikono, akampapasa mtoto uso mzima, akacheka, akasema mke mwenzake amemzalia mume. Nilimwacha acheke. Kisha nikapiga magoti nikamwambia yote: kinu, asali, jiwe, jaa, kisima. Nilipomaliza nilikuwa nalia kama mtoto wa miaka tisa. Bibi akainuka, akapapasa chini ya kitanda, akatoa kifurushi cha kaniki kuukuu. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kibuyu.

"Nilivikuta kesho yake," alisema. "Nilipokwenda kumwaga majivu."

"Ulijua? Na ukawaacha waseme vile?"

"Ningewaambia ni mtoto aliyemwaga maji, wangesema nani kawaua? Mimi nilikuwa nimeshaishi. Wewe ulikuwa na miaka tisa."

Mtoto alikuwa amekamata kipande kimoja anakitia mdomoni, na Bibi akamnyang'anya kwa upole. Nilitaka jambo liishe, liwe na sababu inayoeleweka, kwa hiyo nikasema, "Basi ile chumvi ilikuwa magadi ya kisima tu, Bibi."

Akaanza kuvifunga vile vipande katika kaniki.

"Maji ya kisima kile nayajua," alisema. "Niliyanywa mwaka wa njaa, nikiwa mwali. Ladha yake naijua. Ile haikuwa yake."

Alifariki mwaka uliofuata. Vile vipande ninavyo mimi, vimefungwa katika kaniki ileile. Nimefikiri sana tangu hapo, na magadi nimeyafikiria, na saa, na miguu niliyoisikia nyuma yangu. Sijui. Ninalolijua ni kwamba meli ile ilizamishwa na watu waliokuwa mbali, ambao hawakuwa wamewahi kusikia jina la Kwihara. Na kwetu kila mwanamke aliamini kwamba ni yeye aliyeizamisha, kwa mlango, kwa moto, kwa neno la hasira. Ndiyo maana hakuna aliyesahau alikuwa wapi. Mmoja tu alijua kwamba hana kosa, na yeye ndiye aliyekubali kulibeba.

Siku hizi wajukuu wangu wanapenda kuwauliza wazee mambo ya vita. "Bibi, wewe ulikuwa wapi siku ile meli ilipozama?" Huwaambia ukweli. Nilikuwa juu ya kinu, natafuta asali.