Chatu na Pua ya Wifi Yangu

Wifi yangu ni mpishi mkuu wa shule moja ya bweni, watoto mia nne asubuhi, mchana na jioni, na kwa miaka kumi na tisa alipika kwa pua. Wapishi wengine huonja, yeye alinusa. Angeweza kuwa amekaa uani anachambua mchele, mgongo kaupa jiko, akasema, "Yale maharage yanataka kushika, punguzeni kuni," na mtu akikimbia kukoroga anakuta kweli yameanza kung'ang'ania sufuria. Nyama ikiletwa, aliinusa mara moja tu, kisha ama ilipikwa ama ilirudi ilikotoka. Hakuna mtoto aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula chake, na hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, yaani kaka yake, anafanya kazi mbali na anarudi mara moja kwa miezi mitatu, kwa hiyo nimehamia kwa dada yake na cherehani yangu iko sebuleni kwake. Mawifi kukaa nyumba moja si jambo dogo, waliokaa wanajua. Tuligombana kuhusu redio, kuhusu taulo, kuhusu nani kaacha bomba linadondoka. Lakini ugomvi wetu mkubwa ulikuwa chatu.

Ndiyo, chatu. Si wale wa kumeza mbuzi. Huyu ni wa aina ndogo, mnene kama mkono wangu, na mkono wangu si haba. Aliingia jikoni kwa wifi yangu ndani ya mzigo wa kuni. Mtunza bustani alikuwa keshainua panga, wifi akamfunika nyoka kwa sufuria na kukaa juu yake. "Aliyekuja jikoni kwangu hauawi jikoni kwangu," alisema. Akahangaika na watu wa wanyamapori mpaka akapata kibali, akamweka nyumbani katika sanduku la kioo. Mimi nilimwita Mpangaji, kwa sababu alikuwa na chumba chake peke yake wakati mimi nalala na vitambaa vya wateja miguuni.

Siku moja nilimuuliza amempendea nini. Akanijibu, "Wifi, mimi nina midomo mia nne inanisubiri kila siku. Huyu anakula mara moja kwa wiki mbili, halafu ananyamaza. Hajawahi kuniuliza leo kuna nini." Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Mlo wa Mpangaji ulikuwa na sheria kuliko mlo wa bwana harusi. Alikula panya aliyekwisha kufa, aliyegandishwa katika friza yake ndogo ya peke yake. Hapo niliapa kwamba panya hatagandishwa pamoja na nyama yetu, na nikashinda. Wifi alimyeyusha taratibu, akamtia katika mfuko wa plastiki na kuuzamisha katika maji ya uvuguvugu, kisha akampelekea kwa koleo ndefu. Kwa mkono, hata siku moja. "Mkono ukileta chakula leo, kesho hajui mkono unaishia wapi na chakula kinaanzia wapi." Akishameza, siku mbili nzima hakuna kumgusa, asije akatapika. Siku nyingine, kabla ya kumbeba, alimgusa kidogo mgongoni kwa fimbo, ili nyoka ajue kwamba aliyekuja ni mtu, si mlo. Siku ya kula fimbo haikutumika, maana haifai kumwambia hakuna chakula na huku kipo.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na mikono. Aliiosha kwa sabuni, akaipeleka puani, viganja kwanza, kisha migongo ya mikono. "Huyu macho yake si kitu, wifi. Ananusa kwa ulimi. Ukinuka kuku, basi wewe ni kuku."

Halafu wifi akashikwa na mafua, yale mabaya, wiki nzima kitandani. Akapona, akarudi kazini, na mimi nikaanza kuona vituko. Maziwa yaliungua yeye akiwa hatua mbili kutoka jikoni. Alikula mchuzi wa juzi ambao mimi nilikuwa nautafutia ndoo ya taka. Nikimwambia, anasema, "Mawazo, wifi, mawazo." Nilidhani anazeeka vibaya. Nilimtania, tena mbele ya wageni, na sasa nikikumbuka naona aibu.

Miezi miwili ikapita hivyo, mpaka Jumamosi moja ya siku ya wazazi shuleni. Wifi alishinda anakatakata kuku. Nyumbani ilikuwa Jumamosi ya Mpangaji kula, na panya alikuwa tayari ndani ya maji ya uvuguvugu. Wifi akapita mbele ya cherehani yangu, na harufu ya kuku mbichi ikanipiga mpaka nikaondoa mguu kwenye pedeli. Nikamwona anaosha mikono harakaharaka, anainua viganja, ananusa, anageuza, ananusa, anatikisa kichwa kwamba vema. Bado ananuka. Nikasema moyoni, nani amfundishe samaki kuogelea? Nikaendelea kushona.

Kabla ya kumlisha Mpangaji, alitaka kumbadilishia maji ya bakuli lake. Nikasikia kishindo, kisha sauti yake, ya chini kabisa. "Wifi. Njoo. Usikimbie."

Chatu alikuwa ameuma mkono wa kulia chini ya kidole gumba, na amejizungusha kwenye kifundo mara tatu. Vidole vya wifi vilikuwa vinageuka rangi. Nilitaka kumvuta yule mnyama nimtupe barabarani.

"Usivute!" alisema. "Meno yake yamepinda kwa ndani. Ukivuta, unanichana. Lete spiriti."

Nilimletea chupa nzima. Akaniambia nidondoshe kidogo tu karibu na mdomo wa nyoka, nisimwogeshe. Nikadondosha. Nyoka akatanua taya, akaachia, lakini mwili ukabaki umekaza.

"Sasa mfungue. Anzia mkiani."

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine humu? Mkiani, wifi. Ukianzia kichwani, anakaza."

Miaka yote minne ya kukaa naye nyumba moja nilikuwa sijamgusa. Nikashika ncha ya mkia, na kwa mshangao wangu alikuwa mkavu na laini, si utelezi kama nilivyoapia watu. Nikazungusha, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, roho mkononi, huku namwita mume wangu aliye mbali na mama yangu aliye kaburini. Wifi akampokea kwa mkono wa kushoto, akamrudisha ndani, akafunga kifuniko. Ndipo mimi nikakaa chini na kulia. Aliyeumwa ndiye aliyenibembeleza.

Nikamwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Akawa anaangalia vile vitundu vidogo vya damu kana kwamba vina maandishi.

"Lakini nilinusa," akasema.

"Wifi, unanuka kuku tangu mlangoni."

Akachukua ile chupa ya spiriti, akaifungua, akaiweka chini ya pua yake na kuvuta pumzi ndefu. Mimi niliyesimama pembeni macho yalinichoma. Yeye hata hakupepesa.

"Tangu yale mafua," alisema. "Nilidhani pua itarudi. Kila asubuhi naamka nanusa sabuni. Hakuna kitu, wifi. Kama maji."

"Na shuleni?"

"Namwambia msaidizi wangu Kidosho anuse aseme, najifanya namfundisha kazi. Usimwambie mtu. Mpishi asiye na pua wa nini?" Akashika mkono wangu. "Miaka kumi na tisa. Sijui kazi nyingine."

Nikamwahidi. Tukaenda zahanati, akasafishwa, akachomwa sindano, akafungwa bandeji. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ningemwambiaje methali mtu anayelia? Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nikawa tayari kusema uongo mji mzima kwa ajili yake.

Jumapili wifi hakula. Alikaa mlangoni mwa chumba cha Mpangaji. Kijana wa stoo alikuwa amepita kusema kwamba umeme wa friza ya nyama shuleni ulikatika tangu Ijumaa, umerudi jana usiku. Adhuhuri wifi akaniita.

"Nyoka mmoja," alisema, "simfungulii kifuniko mpaka ninuse mikono. Kwa nyoka mmoja. Na kesho ni siku ya nyama, watoto mia nne, na nyama huwa naichagua mimi, naibandika mimi, na viungo natia mimi, kabla wengine hawajafika."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitasema." Akafuta uso kwa bandeji. "Wakinifukuza, utanifundisha kushona."

Jumatatu alfajiri nilimsindikiza, nikimbebea mkoba. Alimwomba Mwalimu Mkuu aje jikoni, akasimama mbele ya masufuria, wasaidizi wake wanne wakiwa wamejipanga, akasema maneno mafupi: pua yangu imekufa, nimeficha miezi miwili, nisameheni. Mwalimu Mkuu akavua miwani yake.

Aliyesema kwanza ni Kidosho, msaidizi wake mkubwa, mwanamke mnene kiasi kwamba jina hilo alipewa kwa utani. "Mama," alisema, "tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Ulipita kwenye ndoo ya maziwa yaliyochacha ukasema yako sawa. Tukayamwaga ulipotoka. Tangu hapo tunanusa nyuma yako. Hatukutaka uone haya."

Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga hawakukosea. Nilimtazama wifi yangu. Nilidhani atawashukuru. Uso ukambadilika, akawa mkali kama zamani.

"Na Jumatatu?" aliuliza. "Nyama ya Jumatatu nani ananusa nyuma yangu?"

Kidosho akatazama chini. Kwa miezi miwili hakuna aliyeinusa. Ilikuwa ni bahati tu.

"Basi fungua," wifi akasema.

Kidosho akaenda kwenye friza, akainua kifuniko, akainama. Wifi hakumuuliza kitu. Aliangalia uso wake. Kidosho akarudisha kifuniko haraka, akaweka mkono mdomoni.

"Yote ifukiwe," wifi akasema. "Shimo la nyuma, refu, mbwa wasifukue. Bandikeni maharage."

Mwalimu Mkuu akavaa miwani yake. Akasema kwamba kuanzia siku ile hakuna sufuria itakayotoka jikoni bila watu wawili kuinusa, na kwamba Mama atabaki kuwa mkubwa wa jiko, kwa kuwa hajaona mkubwa mwingine anayejisemea mwenyewe. Kisha akatoka upesi, nadhani asionekane analia.

Mchana watoto waliingia bwaloni wakitarajia nyama. Walipoona maharage, kelele zikapanda mpaka bati. Vijiko vinagongwa mezani, "Nyama! Nyama!", wengine wanazomea kabisa. Nikamwambia wifi turudi nyuma, asisikie.

Akakataa. Alisimama mlangoni na bandeji yake, machozi yanamtiririka, anawapitishia macho meza kwa meza.

"Waache wapige kelele, wifi," alisema. "Mgonjwa hana sauti kama hiyo."