Mama Mgongoni mwa Mkwewe

Upepo wa Januari ukishuka kutoka Mlima Elgon, hata sisi wa Kitale mjini tunaujua. Kule Matisi tunakokaa mabati huanza kugongana, nguo unazianika nyeupe unazianua nyekundu kwa vumbi, na midomo hupasuka mpaka kucheka kunauma. Lakini kwetu sisi wa mjini ni usumbufu tu. Kule juu ya Cheptais, nilikozaliwa, upepo ule huchungwa kama mwizi. Mvua imekatika, mabua ya mahindi yamekauka shambani, nyasi za msituni zinangoja cheche, na hakosekani mtu mmoja anayechoma makaa au anayefukuza nyuki kwa moshi huku akisema, "Si nitauzima tu, bana."

Mama alitulea na sheria moja ya siku hizo. Chai na ugali vinapikwa alfajiri kabla upepo haujaamka, halafu moto unamwagiwa maji mpaka jivu linakuwa uji. Mchana mnakula chakula baridi. Hata kasisi akija atakunywa maziwa ya kuganda na kushukuru Mungu.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama alikuwa amevunjika mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwa mama shida ilikuwa kwamba yeye mwenyewe ndiye mkuu, na hakuwa na wa kumsikiza. Kaka yangu, aliyekaa naye boma moja, alimwambia asipande ngazi ya stoo ya mahindi. Akapanda. Akarudi chini kwa njia fupi. Wakamtia plasta kuanzia kwenye vidole hadi gotini, na mwanamke yule, ambaye sijawahi kumwona amekaa bure hata siku moja, akawa wa kulala kitandani na kutoa amri kupitia dirishani.

Nikaamua nimlete kwangu Matisi mpaka apone. Akakataa.

Hapo ni lazima nieleze kuhusu mume wangu. Ni fundi wa cherehani, mpole, mwembamba, na kazi ya kuinamia nguo za watu imempinda kidogo mabegani. Siku alipokuja kuposa, mama alimchungulia kwa ufa wa mlango wa jikoni, kisha akaniambia, "Huyo mtu ana mgongo wa panzi. Atabeba nini?" Na tangu tuoane, miaka minane, maneno yao yote yalipitia kwangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawaangaliani usoni, na hawakai chumba kimoja. Mama akimwona mume wangu njiani, alikuwa anaingia kwa shamba la mahindi, hata la jirani, mpaka apite. Na kulala chini ya paa la mkwe? Afadhali alale nje na fisi.

"Mama, huo ni mguu, si harusi," nilimwambia kwa simu ya jirani. "Ukipata shida huko nani atakubeba?"

"Nitabebwa na watu wangu."

"Na mume wangu ni mtu wa nani?"

"Wako," akasema, na simu ikakatika. Nadhani aliikata yeye.

Basi Jumamosi moja nikamwambia mume wangu twende tukamshawishi ana kwa ana. Tulibadilisha gari Kamukuywa, na tulipokaribia Cheptais tukaona moshi mlimani, mwingi, umelazwa na upepo ukielekea chini. Ilikuwa siku ya tatu tangu msitu uwake, mama fulani garini akatuambia. Mume wangu alinishika kiganja, na ndivyo alivyo, maneno yake ameyawekea akiba.

Tulifika saa saba mchana. Kaka na mkewe walikuwa wameshuka sokoni na mahindi. Mume wangu, kwa heshima yake, akaketi kwa benchi la nje ya nyumba ya kaka, akaupa mlango wa mama mgongo. Mimi nikaingia kugombana.

Na tuligombana kweli. Nilimwambia ni mkaidi. Akaniambia nimesahau nilikotoka. Nikamwambia moshi unaingia mpaka kwa blanketi na yeye anazungumza desturi. Akasema, "Desturi ndiyo imetufikisha hapa tukiwa watu." Nililia kwa hasira, haki, maana nilimpenda yule mama na nilikuwa nimechoka naye.

Tukiwa bado pale ndipo nikasikia jirani akigonga debe. Kule kwetu debe likigongwa mchana wakati wa upepo, hakuna anayeuliza ni nini. Nilichungulia dirishani. Moto ulikuwa umetoka msituni, umeruka barabara, umeingia kwa mabua ya jirani na unakuja kwetu kwa kishindo. Mabua makavu yanapoungua hulia kama mvua ya mawe kwenye mabati. Kati ya mabua hayo na sisi palikuwa na jikoni tu, nayo imeezekwa kwa nyasi.

Nilimshika mama kwapani nikamvuta. Woi! Mama alikuwa mzito, na ule mguu wa plasta ulikuwa mzigo wa peke yake. Nilimfikisha ukingoni mwa kitanda tukaanguka wote wawili. Nikaita jina la mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Alifika mlangoni, akasimama. Niliona miguu yake. Akakohoa! Nyumba inataka kuungua na mtu anakohoa mlangoni, kama mgeni aliyekuja kwa chai.

"Ingia!" nikamfokea.

"Mwambie mama naingia," akasema. "Mwambie nimegeuka."

Akaingia kinyumenyume. Haki ya Mungu, mume wangu aliingia chumba cha mama yangu akirudi nyuma, hatua kwa hatua, akipapasa ukuta kwa mkono, macho ameyaelekeza nje kwa moshi. Alipogusa kitanda kwa visigino akachuchumaa. "Mweke," akaniambia.

Mama alinitazama. Nilimwona akipima, moto upande huu, aibu upande ule. Kisha akavuta leso yake akajifunika kichwa na uso wote, akanyoosha mikono. Nikampandisha. Mgongo wa panzi ukayumba, ukainuka.

Tulikimbia kuelekea chini, kwa malisho ambayo ng'ombe walikuwa wameyala mpaka udongo, mahali moto hauna cha kutafuna. Mimi nilikuwa kando, nimeshika ule mguu usigonge kitu. Na hapo katikati ya moshi, mama juu ya mgongo wa mume wangu, mdomo karibu na sikio la mkwewe kabisa, mama akaniambia mimi:

"Mwambie huyo mtu wako apunguze mwendo, ataniangusha."

"Mwambie mama," mume wangu akajibu akihema, "simwangushi."

Nilicheka. Nilikuwa nalia na nacheka, na moshi umenijaa kooni. Miaka minane ya kubeba maneno yao, na hata siku hiyo hawakunionea huruma.

Majirani walikuja na matawi mabichi, majembe na madumu ya maji, wakaupiga moto mpaka jioni. Jikoni iliungua yote. Nyumba ya mama ikabaki ukuta mmoja tu, mweusi. Mama, akiwa amekaa chini malishoni na leso bado usoni, aliuliza mara tatu kama stoo ya mahindi imepona. Ilikuwa imepona. Kisha akasema polepole, "Sasa nitalala wapi?" Ni mara ya kwanza nilimsikia mama yangu akiuliza jambo bila kuwa na jibu lake tayari.

Mume wangu alikuwa mbali kidogo, amegeukia upande mwingine, anajinyoosha mgongo. Akasema, "Mwambie mama, ile nyumba ya kando yetu kwa ploti tunayopanga ni tupu. Niliongea na mwenye ploti tangu wiki jana. Ina mlango wake. Ina paa lake. Si paa langu."

Mimi mwenyewe sikuwa najua! Nilitaka kumpiga na kumkumbatia.

Mama alikaa Matisi hadi mvua za Aprili. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwa cherehani, mume wangu alichota maji, akaweka mtungi mlangoni pake, akakohoa, akaondoka. Mama alingoja nyayo ziishe ndipo afungue. Mtungi ukirudi ulikuwa na kitu juu ya kifuniko: ndizi mbivu, njugu za kukaanga, siku moja yai la kuchemsha. Hawakuwahi kuonana. Hakuna aliyeniambia niseme kitu, na kwa mara ya kwanza nilipumzika.

Siku kaka alipokuja kumchukua, mguu umepona, nyumba na jikoni mpya zimeezekwa mabati, mama alisimama uani na mkoba wake. Mume wangu alikuwa ndani kwetu, nyuma ya pazia. Mama alinisogelea, lakini aliongea kwa sauti ya kusikika ploti nzima.

"Mwambie mtoto wangu," akasema, "mgongo wake niliusema vibaya."

Nikageuka niende kumwambia. Mama akanishika mkono akanizuia.

"Wacha," akasema. "Amesikia."

Nilipoingia ndani nilimkuta mume wangu ameinamia suruali ya mtu bila sindano mkononi, na machozi yanadondokea kitambaa.