Asubuhi Ziwa Lilipokuwa Rangi ya Majivu

Mwezi uliopita, kwenye kliniki ya macho hapa Musoma, daktari alinionyesha kibao chenye herufi za ukubwa mmoja. Za juu zilikuwa nyeusi tii. Kadiri unavyoshuka zilififia mpaka zikakaribia weupe wa kibao. Nilikuwa na miwani yangu, lakini mstari wa nne ukanishinda.

"Miwani inakusaidia kuona mbali, mama," akasema. "Ila kutenganisha rangi zinazokaribiana ni kazi nyingine. Wenye shida kali ya kutoona mbali kama wewe, mara nyingi na hiyo huwapungukia."

Nilikumbuka kwetu Makoko, kando ya ziwa, nikiwa na miaka tisa.

Asubuhi tulikuwaga tunashuka ziwani na bibi kuchota maji. Yeye aliingia hadi magotini, mimi nikasimama juu ya jiwe kuangalia mamba. Mitumbwi myeusi niliiona, ndege weupe niliwaona, basi nikajua naona kama wenzangu.

Siku moja kulikuwa na mawingu, ziwa na anga vyote rangi ya majivu. Dagaa walioanikwa walinukia mpaka majini.

"Kuko salama?" bibi akauliza.

Nilikaza macho. "Hamna kitu, bibi."

Akainama. Papo hapo jirani yetu, aliyekuwa anafua kando, akapiga yowe: "Mama, toka! Toka majini!"

Bibi akatupa ndoo, akateleza, akaangukia mkono. Jirani akamshika kitenge, akamburuta hadi mchangani. Pale alipokuwa amesimama maji yakafumuka.

"Ulikuwa umelala?" jirani akanifokea. "Si mamba alikuwa mbele yako!"

Aliinua mkono anizabe, bibi akamzuia. Akasogea hadi kwenye mwamba wa kijivu, akainua kanga yake nyeusi.

"Hii nini?"

"Kanga."

Akachukua shuka la kijivu kwenye nguo za jirani, akalishika mbele ya mwamba. "Na hii?"

"Hujashika kitu, bibi."

Akakaa chini, akalia. "Kumbe siku zote hizi tulikuwa tunachota bila mlinzi."

Mkono wake haukunyooka tena, wala hakunilaumu hata siku moja. Tangu hapo nilichota mimi, yeye akasimama jiweni, akinitajia kwa sauti kila anachokiona: ndege, mtumbwi, gogo, ndege.

Sasa mabomba yamefika na ile njia imemezwa na nyasi. Bibi hayupo. Mimi nikiwa na miwani yangu bado naikosa ile sauti nyuma yangu, iliyokuwa inaniambia kilichopo.