Risasi Kwenye Chupa Tupu

Kazi ya Kumudini Jha ilianza kwa kuvua. Bangili, pete, hereni, kipini, vyote alivitia kwenye bakuli mlangoni mwa maabara ile ya mji wa Darbhanga alikofanya kazi miaka kumi na mmoja. Dawa za mitishamba zilizoletwa pale zilisakwa risasi na zebaki, madini yenye sumu, na chembe moja ya chuma ingetosha kumsingizia tabibu wa watu. Alisaga kwa kinu cha kauri, akachota kwa kijiko cha plastiki, akapima nusu gramu, akamiminia tindikali mpaka unga wote ukayeyuka ukawa maji maangavu. Hapo ndipo mashine iliposoma.

Kitu kimoja hakukivua: sinduri, ule unga wa rangi ya chungwa anaopakwa bibi harusi wa Kimaithili, watu wa sehemu hizo, kwenye mstari wa nywele, naye huendelea kuupaka maadamu mumewe yu hai.

Wiki hiyo mumewe, Lalit, alilazwa hospitali huko Patna akisubiri kupasuliwa moyo. Kila asubuhi mama mkwe alimkalisha Kumudini chini, akammwagia sinduri kutoka kipaji hadi utosini.

"Tulia! Unataka kuniulia mwanangu kwa ubahili wa rangi?"

Jumatano akaingia Mzee Anirudh Pathak, tabibu wa dawa za asili, barua mkononi. Unga wake wa magome ya mti wa arjuna ulikuwa umekutwa na risasi, na Jumamosi duka lake lingefungwa.

"Binti yangu, mimi nasaga kwa jiwe la babu yangu. Risasi niitoe wapi, kwenye bunduki?"

"Mzee, mashine haina ugomvi na mtu."

"Mashine haina. Na wewe je? Nilikukosea nini?"

Mzee alipoondoka, Kumudini akapima upya. Safari hii akaandaa na chupa tupu, yaani tindikali na maji bila dawa yoyote, ya kuonyesha kama uchafu unatoka humo humo maabarani. Kwa mawazo ya hospitali, wiki nzima alikuwa ameisahau.

Chupa tupu ikasoma risasi.

Akainamia karatasi nyeupe iliyotandikwa kando ya mizani. Palikuwa na punje za rangi ya chungwa, ndogo kuliko vumbi. Akavua kofia yake ya kazi, akaigeuza. Ndani ilikuwa rangi ya chungwa tupu. Akakwangua kidogo, akapima na hiyo. Tarakimu zikapanda mpaka akaketi.

"Ijumaa urudie, dada. Vaa kofia mbili," alisema mkuu wake, Bwana Thakur.

"Hata kumi, itapenya tu."

"Basi ngoja mumeo atoke hospitali."

"Na Mzee anafungiwa Jumamosi."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya Lalit kupasuliwa. Alfajiri Kumudini aliinamisha kichwa chini ya bomba la uani, akasugua kwa sabuni mara tatu. Povu likatoka la rangi ya chungwa, kisha jeupe. Mama mkwe alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Mchawi wewe! Leo? Hata leo?"

Kumudini akajifuta nywele, akaenda kazini.

Mzee Pathak alikuja kushuhudia. Alipouona ule mstari wa nywele usio na sinduri, akaangalia chini.

"Lini, binti yangu?"

"Yu hai, Mzee. Saa hizi wamemfungua kifua. Nimeosha nywele kwa ajili ya unga wako."

Mzee akaketi polepole. "Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza, ungefungiwa."

Chupa tupu haikuwa na kitu. Unga wa arjuna nao, safi. Kumudini akafungua daftari la maabara, akaandika: "Risasi ilitoka kichwani mwangu," akatia sahihi.

Saa kumi simu ikalia. Lalit amezinduka, anaomba maji.

Mama mkwe alilia kwa furaha mpaka sauti ikamkauka, ila chakula cha Kumudini hakukipakua. Hata leo, mgeni akiingia nyumbani, humweleza kwamba mwanawe alipona, licha ya yote aliyofanyiwa na mkewe.