Mpika Pombe Aliyetaka Kujua Sababu ya Vita

Jirani yetu mpika pombe, hapa Miyuji, hakubali neno upesi. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza nani kaiona. Huku anauliza, mikono haipumziki, inakamua machicha ya uwele, kisha analamba kidole gumba na kukutazama kama vile wewe ndiye unayepikwa. Juzi alikuja Akida wa serikali na askari wake kumchukua Matonya, mwanawe, akabebe mizigo ya vita ya Kaiza, mfalme wa Wadachi, na Waingereza. Mama huyo akamvutia Akida kigoda, akamjazia kibuyu cha pombe.

"Bwana Akida, hao Waingereza wamemwibia Kaiza ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Wamemuulia mtu?"

"Rafiki yake, mfalme mwenzake, ndiye aliyeuliwa mtoto wa ndugu."

"Masikini! Na wauaji walidaiwa fidia ng'ombe wangapi, wakakataa? Maana sisi hapa hatushiki mkuki mpaka fidia ikataliwe."

Akida akacheka, halafu akakasirika. "Mama, wewe hujui mambo ya Ulaya!" Akaanza kumfundisha habari za heshima ya wafalme, bendera na mipaka. Kila akimaliza, mama alimwongezea pombe na swali. Mimi nilikuwa natwanga uani, nikamwona Matonya akitoka kwa mlango wa nyuma wa kupitishia ndama, akazama kwenye shamba la mtama. Mashuke yalitikisika kuelekea mlimani, yakatulia mbali kabisa. Mama naye aliyaona. Akashusha pumzi.

"Basi, Bwana Akida, umenishinda. Vita hiyo ni ya haki kabisa. Ingia ndani umchukue."